Minyoo na wanyama wanaowabeba Unguja na Pemba: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota kwa miaka mingi: mengine barazani, mengine kwenye mabonde ya mpunga, mengine sokoni mbele ya meza za samaki, na mengi kutoka kwa watoto wa skuli tunaokwenda nao msituni. Nimeyaandika kama yanavyoulizwa.

Huyo "mwenyeji wa kati" ni nani hasa?

Minyoo wa aina nyingi hawamalizi maisha yao ndani ya mnyama mmoja. Wanaanguliwa huku, wanakulia kule, wanakwenda kutaga kwengine. Mnyama ambaye mnyoo hufikia utu uzima ndani yake na kutaga mayai huitwa mwenyeji wa mwisho. Yule ambaye mnyoo hukaa kwake angali mchanga, akikua na kubadilika umbo, ndiye mwenyeji wa kati. Na hapo pana jambo ambalo watu hulipita haraka: mnyoo hafanyi matembezi kwa huyo wa kati. Asipompata, amekufa. Yai la kichocho ukilimeza halikufanyi kitu, kwa sababu bado halijapita kwa konokono.

Yuko na wa tatu, mchukuzi. Kwake mnyoo hakui wala habadiliki, anajikunja ndani ya nyama na kusubiri mchukuzi wake aliwe na mkubwa zaidi.

Wala si minyoo wote walio hivyo. Chango na safura hawahitaji mnyama wa kati. Mayai yanaanguka ardhini na safari inarudi kwa binadamu. Na dawa zao ni mbalimbali: kidonge cha albendazo kinachotolewa kwa minyoo ya tumbo hakitibu kichocho. Kichocho kina dawa yake, prazikwanteli. Mzazi anayesema "mwanangu kashakunywa dawa ya minyoo" aulize ni ipi.

Kwa nini wajitie taabu yote hiyo?

Kwa sababu njia ya mkato haipo. Mchukue tegu anayeishi ndani ya utumbo wa papa. Mayai yake yanatoka na kinyesi na kutawanyika baharini, na papa hali kinyesi. Basi yai linaanguliwa, buu linaliwa na kidudu kidogo cha maji, jamii ya kamba, kisichozidi ncha ya sindano. Kidudu kinaliwa na dagaa, dagaa analiwa na nguru, nguru analiwa na papa. Mnyoo amepanda ngazi nzima kwa kuliwa tu.

Faida ya pili ni kuzidisha. Buu mmoja wa kichocho akimwingia konokono hatoki mmoja. Anajigawa humo ndani, na katika uhai wa konokono yule wanatoka maelfu. Tena maji yakikauka, baadhi ya konokono hujizika kwenye tope wakangoja mvua kwa miezi, na mnyoo aliyemo anaweza kungoja nao.

Konokono wa kichocho anafanyaje kazi? Nataka kuelewa, si kuambiwa tu "usioge mtoni".

Haki yako. Kichocho chetu, kile cha mkojo wa damu, ni cha mnyoo anayeitwa *Schistosoma haematobium*, na konokono wake hapa ni *Bulinus globosus*. Minyoo wakubwa wanaishi kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Mtu akikojoa kwenye kijito, mayai yakikutana na maji matamu yanaanguliwa, na buu anayetoka ana saa chache tu za kumtafuta konokono. Akimpata, anatoboa na kuingia. Zinapita wiki tano hivi au zaidi. Kisha konokono anaanza kutoa mabuu wa aina nyingine, wenye mkia uliogawanyika mara mbili ncha kama ulimi wa nyoka, na hao ndio wanaotoboa ngozi ya mtu.

Siku moja niliokota konokono kumi na wawili kwenye mfereji wa shamba la mpunga, mikono ikiwa ndani ya glovu, nikamtia kila mmoja kwenye gilasi yake ya maji safi. Asubuhi hakukuwa na kitu. Jua lilipopanda nikazipanga gilasi dirishani. Ilipokaribia adhuhuri, moja kati ya zile kumi na mbili maji yake yakaanza kuwa kama yana vumbi. Nikaweka karatasi nyeusi nyuma ya gilasi: lile vumbi lilikuwa linaogelea. Kila chembe, nusu milimita au pungufu, inapanda kwa kutikisa mkia, inatulia, inashuka polepole, inapanda tena. Konokono mwenyewe alikuwa ametulia ubavuni, mtu usingemshuku kwa lolote. Kila mmoja wa wale waogeleaji ana siku moja au mbili tu za kuishi asipompata mtu. Tangu siku ile sijamwambia mtoto "maji machafu" nikimaanisha kichocho. Maji yale yalikuwa meupe.

Kuhusu umbo: mshike kwa kibano ncha ya kombe ikitazama juu na mdomo wake ukikutazama wewe. Wa jamii ya *Bulinus* mdomo uko kushoto kwako. Ni mdogo, kuanzia ukubwa wa punje ya hindi hadi kama mara mbili yake.

Mbona Makunduchi na Paje kichocho si tatizo kama Kinyasini au Chaani?

Tazama ardhi. Kusini na mashariki ya Unguja ni maweni. Mvua ikinyesha maji yanazama na kwenda mapangoni, hapabaki kijito wala bwawa la kudumu. Huyu konokono wetu anataka maji matamu yaliyokaa, yenye majani. Anayapata katikati ya kisiwa na kaskazini magharibi, kwenye mito midogo na mabonde ya mpunga, na sehemu nyingi za Pemba. Ugonjwa unamfuata konokono, na konokono anafuata maji.

Wanyama wa porini wana kichocho?

Kile cha mkojo ni cha binadamu hasa. Aina ya pili, kichocho cha tumbo, inaweza kukaa kwa nyani: nyani wa Gombe, kule Kigoma, wamekutwa nacho. Visiwani kwetu hatuna nyani wale.

Ila Pemba kuna habari ya kufuatilia. Watafiti wamethibitisha kuwa ng'ombe wa Pemba wana kichocho chao, *Schistosoma bovis*, na konokono wake ni yule yule *Bulinus globosus*. Kwa hiyo bwawa moja linaweza kuwa na konokono wanaotoa minyoo ya ng'ombe na wengine wanaotoa minyoo ya watu, na kwa macho huwezi kuwatofautisha. Kwengineko Afrika hawa wawili wameonekana kuzaana. Maabara inayopima chembe za urithi si anasa tena, na ni bahati kubwa kwamba Pemba ina maabara ya afya ya jamii pale Wawi, Chake Chake, tangu mwaka 2000.

Na kima punju? Watalii na sisi tunapita chini yao kila siku pale msitu wa Jozani.

Kima punju ni wa Unguja, hapatikani porini pengine isipokuwa wachache waliopelekwa msitu wa Ngezi, Pemba, katika miaka ya 1970. Anakula majani machanga na matunda mabichi, hawindi. Kwa hiyo mlango wa kula nyama yenye minyoo kwake umefungwa, na minyoo ya kawaida kwa jamii yake ni ile isiyo na mwenyeji wa kati, kama minyoo mjeledi.

Lakini mla majani naye ana mlango wake mdogo. Kwenye udongo, kuvu na majani yaliyoanguka kuna utitiri wa ardhini, wadogo kiasi cha nukta. Tegu wa jamii ya *Bertiella*, wanaojulikana kwa kima na nyani duniani, hupitia kwa utitiri hao: utitiri unakula yai, kima anameza utitiri pamoja na jani au tonge la udongo bila kujua. Tegu wa mbuzi na ng'ombe wetu hupita njia hiyo hiyo malishoni. Hata binadamu mara moja moja ameambukizwa tegu wa kima kwa kumeza utitiri.

Kwa hiyo, anayekwenda Jozani: usimlishe kima, usimkaribie, nawa mikono. Hofu kubwa zaidi ni yetu sisi kuwapa wao maradhi, na wamebaki elfu chache tu duniani, wote wetu.

Nimekata nguru nikakuta vijidudu vyeupe ndani ya nyama. Nimtupe?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na mara nyingi mtu anakuja na simu mkononi anionyeshe picha. Basi tulikalie.

Mara nyingi unachokiona kwenye nguru, chewa au jodari ni kama punje ya mchele iliyoiva, wakati mwengine ina mkia mrefu uliojificha katikati ya nyuzi za nyama. Ukiitoa kwa ncha ya kisu na kuipasua taratibu juu ya sahani, ndani yake anatoka mnyoo mweupe, na ukibahatika atasogea. Kichwani ana mikonga minne myembamba, kila mmoja umejaa vimiba kama kamba ya miba. Mikonga hiyo si ya nguru. Ameichukua kwa ajili ya utumbo wa papa au taa, huko ndiko atakakojishikiza siku nguru atakapoliwa. Kwa nguru anasubiri tu.

Hawa hawamuambukizi binadamu. Sisi si papa, tumbo letu si kwao. Kata sehemu iliyojaa, osha, pika. Samaki akiwa amejaa kupita kiasi nyama huwa laini na haivutii, hapo kumkataa ni haki yako. Ama suala la kuliwa kidini, ulizeni masheikh, mimi nazungumzia mnyoo.

Wapo wengine, minyoo mviringo iliyojikunja kama kamba ya saa juu ya maini na matumbo ya samaki. Hao ni jamii ya *Anisakis* na ndugu zake, na hao sitaki uwapuuze. Wenyeji wao wa mwisho ni nyangumi na pomboo, na wa kati ni vidudu jamii ya kamba, kisha samaki na ngisi. Mtu akimla mzima ndani ya samaki mbichi, mnyoo hujaribu kutoboa ukuta wa tumbo lake, na maumivu yake ni makali. Mchuzi uliochemka, samaki wa kukaanga ukaiva mpaka ndani, huo umeua. Ndimu haiui. Chumvi kidogo haiui. Mahoteli yanayopakua samaki mbichi lazima kwanza wamgandishe nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku saba. Na wewe mvuvi, mpasue samaki mapema, utoe matumbo pale pale, kwa sababu baada ya samaki kufa baadhi ya minyoo hii hutoka matumboni na kuingia nyamani.

Kasa je?

Wana minyoo bapa inayoishi kwenye moyo na mishipa ya damu, na mayai yake hukwama kwenye viungo. Wa kati ni konokono wa baharini.

Ni kweli mnyoo anaweza kumfanya mnyama ajipeleke kuliwa?

Kweli, na imepimwa. Katika mabwawa ya chumvi ya California, Marekani, kuna mnyoo anayeanzia kwa konokono wa topeni, akahamia kwa samaki mdogo, akamalizia kwa ndege. Ndani ya samaki anakaa juu ya ubongo. Samaki aliyeambukizwa hujitikisa, hupanda juu ya maji, hugeuza tumbo jeupe likametameta. Mwaka 1996 watafiti wawili, Lafferty na Morris, walionyesha kuwa samaki hao huliwa na ndege mara 10 hadi 30 zaidi ya wenzao wazima.

Kwenye mikoko yetu wapo konokono wa topeni jamii moja na yule, wanaopanda na kushuka kwenye mizizi kufuata maji kujaa na kupwa, na kulastara wanasimama pale pale. Minyoo bapa ya namna hii imepatikana ndani ya konokono wa mikoko wa Afrika Mashariki. Mnyoo akishamkaa konokono barabara, mara nyingi konokono huacha kuzaa: chakula ambacho kingekuwa mayai yake sasa kinalisha mabuu wa mwengine. Ukiwaona wamejaa kwenye shina la mkoko, baadhi yao kwa hakika hawafanyi kazi yao wenyewe. Nikilifikiri jambo hili huwa nasimama kidogo.

Mbu wa matende naye ni mwenyeji wa kati?

Ndiyo, kwa maana kamili. Mnyoo wa matende na mabusha hukomaa na kuzaa ndani ya binadamu. Ndani ya mbu hukua tu, wiki mbili hivi, mpaka awe tayari kuambukiza. (Kwa malaria ni kinyume: kimelea huzaana ndani ya mbu, hivyo kwa hesabu ya wanabiolojia sisi ndio wa kati.) Zanzibar ilianza kugawa dawa kwa watu wote, ivemektini na albendazo, mwaka 2001. Kabla ya hapo, mwishoni mwa miaka ya 1980, Makunduchi walifanya jambo ambalo bado nalipenda: pamoja na dawa, walimimina chembe nyepesi nyeupe za plastiki, zile za kufungia vyombo visivunjike, ndani ya vyoo vya shimo vyenye maji. Chembe zinaelea zikafunika maji yote, viluwiluwi wa mbu hawapati pumzi, mbu hapati pa kutagia. Walimbana mnyoo kwa kumnyima mwenyeji wa kati.

Kuku na mbuzi wangu?

Kuku wa kienyeji hupata tegu kwa kudonoa sisimizi na mbawakawa. Mbwa na paka hupata kwa kumeza viroboto wakijiguguna. Ng'ombe na mbuzi wanaolishwa majani ya bondeni hupata minyoo bapa ya ini, kupitia konokono mwengine wa maji matamu; mabuu hujibandika kwenye majani, wakaliwa. Majani ya majini yaanike yakauke kabisa kabla ya kulisha.

Si tuwaue konokono wote yaishe?

Dawa ya kuua konokono ipo, niklosamidi, na imetumika hapa. Kati ya 2012 na 2017 Unguja na Pemba zilifanyiwa jaribio kubwa: kote dawa kwa watu, baadhi ya shehia wakaongezewa kuua konokono, nyengine elimu ya tabia. Kichocho kilishuka sana. Hakikufika sifuri, palibaki vijiji ambavyo kila mwaka kinarudi. Konokono wachache wanaosalia kwenye tope hujaza mfereji tena, na dawa ile inaua samaki na vyura pia, kwa hiyo huwezi kuimwaga ovyo.

Mimi naona dawa ya konokono itumike pale panapojulikana kuna maambukizi, na nguvu kubwa iende kwenye choo, bomba na daraja la kuvukia. Tena tuwatazame wanaomla konokono. Senegal, bwawa la Diama lilipomalizwa mwaka 1986 liliwazuia kamba wa mtoni kwenda kuzaa kwenye maji ya chumvi. Kamba wale walikuwa wanakula konokono. Kichocho kikalipuka. Miaka ya karibuni watafiti walipowarudisha kamba penye kivuko cha kijiji kimoja, konokono walipungua na maambukizi nayo yakapungua.

Kwa hiyo minyoo mingi kwa wanyama wa porini ni dalili mbaya?

Si lazima, na hapa natofautiana na wengi. Mnyoo anayehitaji wanyama watatu anaweza kuishi tu pale ambapo wote watatu wapo. Yule wa mikonga minne ndani ya nguru wako anasema kwamba mahali fulani baharini bado kuna papa au taa. Papa akiisha, mnyoo yule ataisha, na nguru atakuwa safi. Sitoufurahia usafi huo. Ninachotaka ni mnyoo wa papa abaki kwa papa na wa binadamu asipate njia.

Jana nilivuka bonde kwa miguu. Nikapime leo?

Leo haitaonekana. Minyoo wanahitaji miezi miwili hadi mitatu kukua na kuanza kutaga, na prazikwanteli haiwaui vizuri wakiwa wachanga. Ukiona damu kwenye mkojo, homa au muwasho mkali, usisubiri, nenda kituo cha afya. La kama huna dalili, nenda baada ya muda huo.

Na nenda mchana. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kwenye mkojo kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na ndani ya saa hizo hizo konokono anamwaga mabuu wake, watoto wakiwa wanaoga na akina mama wanafua. Mnyoo wa matende naye hujaa kwenye damu ya ngozini saa nne hadi saa nane, lakini za usiku, mbu wake anapouma. Ndiyo maana wapimaji wa matende zamani walikuja kugonga milango watu wamelala, na wa kichocho wanakuja skuli wakati wa mapumziko.